Salongo na Viatu vya Namba Arobaini na Mbili

Kaka zangu walipokuwa wanaingia sekondari, Waswa alikuwa anavaa viatu namba arobaini na tatu na Kato namba arobaini na moja. Salongo akaenda mjini, akarudi na jozi mbili za namba arobaini na mbili. Akazipanga mezani, akarudi nyuma hatua moja, akazitazama kama mtu aliyemaliza kujenga kanisa.

"Hakuna mkubwa, hakuna mdogo," akasema.

Muhula mzima Waswa alitembea kama anakanyaga mbigili na Kato kama anaburuta sanduku. Walipokuwa wakiteremka kilima chetu cha Mbuya na mabegi yao, Salongo alisimama mlangoni akiwatazama, akamwambia mama kwamba vijana wameanza kutembea kijeshi.

Huyo ndiye ninayetaka kumweleza. Salongo ni baba wa mapacha. Buganda, ukishapata mapacha, jina lako la zamani linawekwa kabatini na hakuna anayelitafuta tena. Muuza nyama anamwita Salongo, padri anamwita Salongo, polisi wa barabarani akimsimamisha anamwita Salongo kabla ya kumwomba leseni. Mama, ambaye ni mtu wa Bunia kule Kongo, anamwita Papa Mapasa, ambalo ni jina lile lile likiwa limevuka mpaka. Hata sisi watoto tunamwita Salongo. Siku moja nilimwita "baba" akageuka kuangalia nani ameingia.

Mapacha nao wamepewa majina kwa foleni. Aliyetangulia ni Waswa, aliyefuata ni Kato. Na mtoto anayezaliwa baada ya mapacha, awe wa kiume au wa kike, ni Kizza, na huyo ndiye mimi. Mjomba wangu wa Bunia akisikia naitwa anauliza kama umeme umekatika tena. Nimezoea. Mtu akija nyumbani anasalimia mapacha, anawapa kila mmoja kitu sawa na mwenzake, halafu ananiona mimi na kusema, "Kumbe na huyu yupo."

Niseme mapema shida iko wapi. Mwaka huu matokeo ya kidato cha nne yalitoka. Kato alifaulu hadi mwalimu wake akapiga simu mwenyewe. Waswa alipata alama za kumjulisha tu kwamba jina lake lilikuwepo kwenye orodha. Kato akapokea barua ya shule nzuri iliyo upande wa pili wa jiji, aende kidato cha tano, aripoti Jumatatu asubuhi, asipofika nafasi anapewa mwingine. Salongo akaisoma barua mara mbili, akaikunja, akaiweka chini ya redio.

"Kato atangoja," akasema. "Waswa arudie mtihani. Walitoka pamoja, wataenda pamoja."

Ukimfahamu Salongo hushangai. Lakini wewe humfahamu, kwa hiyo ngoja nikupitishe.

Kwa miaka mingi alikuwa dereva wa malori jeshini, na Kiswahili chake ni cha huko: kifupi, hakina ngazi, kinaingia moja kwa moja. "Kuja hapa." "Hapana cheza na moto." "Hii chai nani mwenyewe?" Mama anasema alipomtongoza alimwambia maneno manne tu na mawili yalikuwa "panda gari." Sasa amestaafu na anaendesha gari la watu la kupeleka mizigo, na saa tisa anakuwa nyumbani, amevua viatu, amefunga aproni ya mama yenye maua ya manjano. Kwa sababu mtu huyu mwenye shingo kama gogo, starehe yake duniani ni kuoka keki.

Alijifunzia kwenye simu. Hatuna oveni. Anajaza mchanga chini ya sufuria kubwa, anaiweka juu ya sigiri, anatumbukiza sufuria ndogo ndani yake, anafunika na kuweka makaa juu ya kifuniko, halafu anakaa pembeni kama anayelinda daraja. Hupiti karibu. Ukipiga chafya, keki ikishuka, ni wewe. Mapambo anayapiga kwa bomba la sindano alilonunua duka la dawa, na alipolinunua muuzaji alimuuliza nani mgonjwa, akajibu, "Hakuna mgonjwa. Nataka kuandika hongera."

Kila hatua ya shule ilikuwa na keki yake. Mapacha walipomaliza chekechea walivalishwa majoho meusi na kofia za pembe nne kama mawakili wafupi, na Salongo, mtu aliyewahi kuvuka mito na lori bila breki, alilia hadi mwalimu akamletea kiti. Kulikuwa na keki mbili. Walipong'oka meno, keki mbili. Walipofaulu darasa la saba, keki mbili, na hapo ndipo alipokwenda kuazima mizani kwa muuza nyama. Keki moja ilikuwa imezidi. Akachukua kisu, akaanza kuinyoa chini, kidogo kidogo, akiangalia mshale wa mizani kwa jicho moja, hadi zikalingana. Vile vipande vilivyoanguka akanisogezea mimi kwenye kisahani.

"Kula," akasema. "Hii haina mwenyewe."

Nimekulia mabaki ya usawa. Sina malalamiko, upande wa chini ndio wenye sukari.

Unaweza kuuliza, mtu mzima anaogopa nini? Wazee wa upande wake wanasema mapacha wakionewa, mmoja akapewa kuliko mwenzake, wanakasirika, na mapacha wakikasirika vitu vinaungua nyumbani. Salongo hakubali kwamba anaamini hayo. Jumapili yuko kanisani mstari wa pili, anaimba kuliko kwaya. Nilimuuliza.

"Mimi mkristo," akanijibu. "Hayo ni maneno ya zamani."

"Basi mpe Waswa paja kubwa leo tuone."

Akafunika sufuria ya nyama. "Kwa nini nijaribu?"

Mama alikuwa anasonga ugali. Akasema bila kugeuka, "Miye niliwazaa, hakuna kitu kiliungua isipokuwa mgongo wangu."

Adhabu nazo zilipimwa. Waswa akivunja kioo, Kato naye anapata fimbo mbili, ili mwenzake asijione mpweke. Kato si mjinga. Baada ya mara ya tatu, akisikia kioo kimevunjika alikuwa anatoka nje mbio kwenda kuvunja cha kwake, apate thamani ya fimbo zake. Tuliishi mvua nzima ya masika na makaratasi kwenye madirisha, na Salongo hakuelewa kamwe kwa nini watoto wa nidhamu namna ile wanachukia vioo.

Siku ya kusoma ripoti za shule, tunakaa sebuleni kama mahakama. Salongo anavaa miwani, anashika ripoti moja kila mkono. Darasa la nne Kato alikuwa wa pili. Waswa alikuwa wa thelathini na moja. Salongo akatikisa midomo, akaandika kitu kwenye kiganja kwa kalamu.

"Nyumba hii," akatangaza, "imekuwa ya kumi na sita na nusu."

"Na mimi?" nikauliza. Nilikuwa wa tisa.

"Wewe Kizza uko peke yako. Hakuna wa kukulinganisha naye." Akaiweka ripoti yangu mezani bila kuifungua, kwa upendo kabisa, kama mtu anayeweka chini mzigo usiokuwa na shida.

Siku za wazazi kwenye bweni lao ndizo nilizozipenda, kwa sababu nilikuwa nabeba maji na kuangalia sinema. Salongo alikuja na ndoo mbili za chakula zenye vifuniko vya rangi moja. Kuku walichinjwa wawili, mapaja manne yakagawanywa, hata firigisi zilihesabiwa. Mara moja duka la jirani na shule lilikuwa limebakiwa na soda mbili tu, moja nyekundu na moja ya chungwa. Wazazi wengine wangesema, "Chagueni." Salongo akaomba jagi, akazimimina zote, akakoroga na kijiko, akawagawia. Ilikuwa na rangi ya maji ya kuoshea brashi. Mapacha wakanywa bila kupumua.

"Tamu?" akauliza Salongo.

"Tamu," wakajibu pamoja. Hawa watu wamefunzwa.

Lakini usidhani ni mtu mgumu. Akiwa na homa anakuwa mtoto, anataka uji na anataka mtu wa kumwambia atapona. Anamwogopa naibu mwalimu mkuu wa shule ya mapacha, mama mmoja mfupi anayemfikia kifuani. Akiongea naye anashika kofia mikononi na kuizungusha. Anasema hapendi kelele, halafu anapiga filimbi kutwa akipepeta unga. Anasema wanaume hawasengenyi, halafu mimi nikirudi shuleni ananiuliza, "Nani leo alifukuzwa?" na nisipokuwa na habari anasikitika kweli. Na katika dunia nzima ya mambo anayolazimisha yawe sawa, mpira ndio umemshinda: anashabikia timu moja tu, ile inayofungwa kila wiki, na hataki kusikia ushauri.

Waswa na Kato wenyewe, kwa ukweli, hawajawahi kufanana zaidi ya sura. Kato anasoma hata karatasi iliyofungiwa chapati. Waswa akiona redio anataka kujua ndani kuna nini. Likizo ile ya kungoja matokeo, Kato alisoma vitabu vya kidato cha tano alivyoazima, na Waswa akaenda Kamwokya kwa fundi mmoja anayetengeneza spika za watu wa muziki. Alianza kama mtu wa kushikilia tochi. Baada ya wiki tatu fundi akawa anamwachia spika nzima. Alirudi nyumbani ananuka waya ulioungua, anacheka peke yake.

Sasa hapo ndipo barua ikaja na kukaa chini ya redio.

Alhamisi mama akajaribu. "Papa Mapasa, batoto si vyungu. Huwezi kubapanga."

"Nimesema atangoja."

Ijumaa Waswa akajaribu. Alisimama mbele yake, mikono nyuma. "Salongo, mimi sitaki kurudia mtihani. Nina kazi."

"Kazi ya kushika tochi?"

"Sishiki tochi tena."

"Utarudia. Mwaka mmoja si kitu. Ndugu yako anakungoja."

Waswa akamgeukia Kato. "Nani alikuambia uningoje? Mimi sijakuomba unisubiri."

"Mimi sijasema kitu," Kato akajibu. Na hilo ndilo lilikuwa tatizo la Kato, hajawahi kusema kitu. Alikuwa anakubali. Aliniambia uani, akikwangua matope kwenye kiatu kwa kijiti, kwamba mwaka mmoja utapita upesi, kwamba Salongo anajua anachofanya. Macho yake yalikuwa yanaangalia kile kijiti tu. Nikajua kwamba Jumatatu ikipita, huyu kaka yangu atakaa nyumbani mwaka mzima akitabasamu, na sitaweza kulivumilia hilo tabasamu.

Jumamosi mchana Salongo alikuwa jikoni anapepeta unga. Hakukuwa na hatua yoyote ya shule ya kusherehekea. Alikuwa anapepeta tu ili mikono iwe na kazi. Filimbi hakuna. Nikaingia, nikakaa juu ya jerikeni la maji.

"Salongo."

"Ongea."

"Waswa alizaliwa wa kwanza, si ndiyo?"

"Wa kwanza."

"Kato akafuata baada ya muda gani?"

"Karibu nusu saa." Akatabasamu kidogo, akaendelea kutikisa chekecheo. "Mama yako alitukana wodi nzima. Hata daktari. Mimi ndiyo usiseme."

"Na hiyo nusu saa, Waswa alikuwa wapi?"

"Mkononi kwangu. Wapi tena?"

"Hukumrudisha ndani amngoje mwenzake?"

Chekecheo kikasimama. Nje uani, mama, ambaye sikujua anasikiliza, alicheka hadi beseni la nguo likagonga saruji. Salongo hakucheka. Alinitazama, unga umemjaa kwenye nyusi, akawa kama babu yake mwenyewe.

"Nani anakufundisha kuongea hivi?"

"Shuleni."

"Shule gani hiyo? Nitakwenda huko."

"Karibu. Hujawahi kuja."

Hilo la pili sikulipanga. Lilitoka tu, kama chafya. Tukakaa nalo jikoni, mimi na yeye na unga. Halafu akasema, taratibu kabisa, "Toka jikoni yangu." Nikatoka. Nyuma yangu nikasikia anapepeta tena unga ule ule ambao ulikwisha kupepetwa.

Saa ya chai tulikuwa wote mezani. Salongo akainua redio, akatoa barua, akainyoosha kwa kiganja.

"Kato. Wanasema kuripoti saa ngapi?"

Kato akameza chapati bila kutafuna. "Saa mbili asubuhi."

"Saa moja na nusu tutakuwa pale." Akanywa chai. "Waswa, wewe Jumatatu unaingia kazini saa ngapi?"

"Saa mbili pia."

"Usichelewe. Fundi hapendi mtu wa kuchelewa."

Hakuna aliyepiga makofi. Mama aliinuka akaenda kutafuta kitu chumbani ambacho hakikuwepo. Waswa alimpiga Kato teke chini ya meza, na Kato akalirudisha, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyehesabu.

Jumatatu mama alikuwa na zamu kwenye kibanda chake cha vitenge, shule yangu ilikuwa bado haijafunguliwa, kwa hiyo nikaambatana nao. Nilibeba ndoo ya Kato na vitu vilivyotakiwa: karatasi, sabuni, karatasi za chooni, ufagio. Orodha ya shule ilisema ufagio mmoja. Salongo alikuwa amenunua mbili. Nadhani mkono ulienda wenyewe.

Chini ya turubai karibu na lango kulikuwa na mwalimu kijana mwenye daftari kubwa. Foleni ilikwenda vizuri. Tulipofika mbele hakuinua kichwa.

"Karibu mzee. Unaandikisha wangapi?"

Salongo akafungua mdomo. Nikaona vidole vyake viwili vimekwisha kunyanyuka, akavitazama, akakunja kimoja.

"Mmoja," akasema.

Kisha akalirudia kwa sauti ya chini, kama mtu anayeonja mchuzi wa nyumba ya watu. "Ni mmoja."

Alimfunga Kato tai, akaifungua, akaifunga tena. Kato akamwomba amsalimie Waswa. Salongo akasema Waswa si mgonjwa, amsalimie mwenyewe kwa simu siku ya simu. Halafu akamsukuma kidogo begani, kuelekea mabweni, na Kato akaenda. Safari hii alivaa viatu alivyojichagulia mwenyewe, na hakugeuka ila mara moja.

Tuliporudi barabarani nikadhani tunakwenda nyumbani. Salongo akamwambia mtu wa boda, "Kamwokya." Tukapanda, mimi katikati, Salongo nyuma yangu na ule ufagio wa pili kwapani, umetokeza kama mkia. Tulipopita Nakasero, mama mmoja wa sokoni akatupigia kelele anauliza tunauza bei gani.

Kwa fundi wa spika ni chumba kimoja na veranda. Waswa alikuwa verandani, ameinamia spika iliyofunguliwa, chuma cha moto cha kuunganishia nyaya mkononi, moshi mwembamba unampanda usoni. Alipoinua macho akamwona Salongo, akasimama wima, mikono ubavuni. Rangi ilimtoka. Alidhani amefuatwa.

"Salongo, mimi nilisema…"

"Kaa," akasema Salongo. "Endelea na kazi. Nimekuja kuangalia."

Fundi akatoka ndani, akamtazama mzee mwenye ufagio, akasema, "Mzee, leo hatununui fagio."

"Siuzi. Huu wako," akasema Salongo, akampa. "Mimi baba yake huyu."

Waswa akakaa, akaiinamia spika tena. Salongo akainama juu ya bega lake. "Huu waya unakwenda wapi?" Na Waswa, ambaye nyumbani sentensi zake zinaisha katikati, akaanza kueleza. Waya huu unapeleka umeme kwenye koili, koili inasukuma karatasi hii, karatasi inasukuma hewa, ikichanika hapa sauti inakoroma, unatia gundi hapa, unangoja, usipongoja unaharibu. Alieleza kwa muda mrefu. Salongo alikuwa anaitikia kwa kichwa, na mara moja akauliza swali ambalo fundi mwenyewe alisema ni swali zuri.

Halafu akatazama kushoto na kulia, akavuta kreti tupu ya soda karibu na spika, akaketi. Mimi nikabaki nimesimama, maana kreti ilikuwa moja.